Plagi za Nakonde

Plagi nne zilikuwa juu ya gazeti, mezani kwa Inspekta Tumpale Kibona, na kila alipozitazama alizidi kukasirika. Zilikuwa safi mno. Zimetolewa kwenye gari lililobondeka mpaka usukani ukahamia kiti cha nyuma, lakini zenyewe hazina hata mkwaruzo, utadhani ajali haikuzihusu.

Gari hilo, Subaru ya turbo, lilikuwa la Ipyana Sichone, wakala wa forodha pale Tunduma. Jumatatu alasiri, akitoka Mbeya kurudi nyumbani kwake Mpemba, Ipyana aliingia upande wa pili wa barabara ili alipite lori katikati ya mlima wa Senjele. Dereva wa lori alieleza kwamba Subaru ilikuja kwa nguvu, ikamfikia ubavuni, halafu ikaanza kukohoa na kubaki palepale, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Juu kulikuwa na lori jingine linashuka. Jumatano Ipyana akazikwa.

Tangu Jumanne fundi wake, Lusungu Simbeye, alikuwa mahabusu hapa Vwawa. Mkuu wa Upelelezi alishaamua: leo Alhamisi, saa nane mchana, jalada liende kwa Wakili wa Serikali, na kosa liandikwe mauaji. Mauaji hayana dhamana. Anayesomewa shtaka hilo anakwenda rumande kusubiri upelelezi ukamilike, na Tumpale aliwajua watu waliosubiri mpaka watoto wao wakamaliza shule.

Hesabu ya Mkuu ilikuwa fupi. Ipyana alilipia plagi za bei mbaya, Lusungu akaziiba, akapachika za bei chee. Mashahidi watatu walimsikia siku ya kazi hiyo, Alhamisi ya wiki iliyopita, akimwambia marehemu: "Ukipanda nazo Senjele hizo, utanikumbuka." Mkuu aliliita hilo tishio, na kesi akaiita imeiva. Tumpale alipoomba asubuhi moja tu zaidi, Mkuu alimuuliza ya nini.

"Nataka nizielewe plagi," alisema Tumpale.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akamwambia haya, mama, kazielewe, ila saa nane ni saa nane.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Tumpale hakuwa na ustadi wa kukaa kitini hata siku za kawaida. Leo alishazunguka meza mara sita kabla Lusungu hajaletwa. Fundi aliingia akiwa peku, mikono imeshika oili hadi kwenye mistari ya viganja. Hakulia wala hakuomba kuonewa huruma. Aliinama juu ya gazeti, akasoma namba zilizoandikwa kwenye plagi, akainuka.

"Hizi si zangu, afande. Hizi ndizo alizozinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka."

"Nani?"

"Ipyana mwenyewe. Alinijia nazo Alhamisi ile kwenye viboksi vya kijani. Nikazikataa."

"Kwa nini? Haziingii?"

"Zinaingia. Ndiyo ubaya wake. Uzi uleule, urefu uleule, spana ileile. Ni plagi za Noah. Kwenye Noah ni plagi nzuri kabisa."

Tumpale alimtaka aeleze kama anamweleza mtu ambaye hajawahi kufungua boneti, na Lusungu akaeleza. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe. Turbo inaishindilia hewa kwenye silinda kwa nguvu, moto unakuwa mkali, na plagi inayobaki na joto hilo inaweza kuyeyusha pistoni. Kwa hiyo inatafutwa plagi wanayoiita ya baridi, ile inayolitoa joto haraka. Jambo la pili ni gepu, ule uwazi mdogo ambapo cheche inaruka. Kwenye Noah gepu ni milimita moja nukta moja. Kwenye Subaru ile yeye huliacha nukta saba tu, kwa sababu hewa ikishindiliwa na gepu likiwa pana, cheche inapulizwa inazimika, kama kibatari ukifungua mlango siku ya upepo.

"Inazimika wakati wote?"

"Hapana. Ukiendesha mjini hujui. Ukienda kanisani hujui. Unajua siku ukikanyaga mpaka chini, turbo ikaamka, mlima uko mbele."

"Ndipo ukamwambia atakukumbuka."

"Nilimwambia," Lusungu alisema. "Nilikuwa nimekasirika. Mtu ana gari la namna ile halafu ananunua plagi kwa kuangalia boksi."

Tumpale alimrudisha nyuma, hatua kwa hatua, kama anavyofanya kwa kila mtu, mkweli na mwongo. Alhamisi saa ngapi? Saa nane. Walikwenda wote wawili kwa Ferista, dukani mpakani, wakanunua plagi namba saba. Plagi za Subaru zimekaa ubavuni mwa injini, kwa hiyo ili azifikie alitoa betri. Akafunga mpya. Betri ikitolewa, saa ya gari na redio vinasahau kila kitu, kwa hiyo alirudisha saa, na Ipyana akakaa kwenye kiti akitafuta stesheni zake moja moja. Plagi za zamani Lusungu alizitia kwenye viboksi vya zile mpya, akampa mwenye gari. Zile za Nakonde alimwambia azirudishe alikozinunua, Ipyana akazitupa kwenye kidroo cha dashibodi.

"Tuseme mimi ni Mkuu," Tumpale alisema. "Nasema uliziweka hizihizi, ukaiba za Ferista. Utanijibu nini?"

Lusungu aliichukua plagi moja, akaipima kwa jicho, na kabla Tumpale hajamzuia alikuwa ameshaiinua ili aigonge kidogo kwenye ukingo wa meza, mkono ukitaka kulibana lile gepu wenyewe. Tumpale alimkamata kiwiko akamkumbusha kuwa hicho ni kielelezo.

"Samahani, afande," Lusungu alisema, akairudisha kwenye gazeti. "Siwezi kuifunga ikiwa hivi. Hata ningekuwa naiba, ningeibana kwanza."

Tumpale alimwamini. Hilo halikumsaidia chochote, kwa sababu hakuna hakimu anayeandika kwenye hukumu kwamba mkono wa fundi uliwashwa. Alizifunga plagi kwenye bahasha akatoka.

Barabara ya Tunduma ilikuwa kama siku zote, malori yamejipanga kuanzia Chapwa, madereva wamelala chini ya matela. Tumpale aliliacha gari la polisi likiwa limekwama, akachukua bodaboda, akapita katikati ya matairi huku akitazama saa kila baada ya dakika mbili. Alipofika kwa Ferista ilikuwa saa nne na robo.

Ferista alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mjane, anayeuza vipuri karibu na geti la mpaka tangu mume wake alipokuwa hai. Alikuwa anamalizana na mteja wa ng'ambo, ambaye alimshukuru kwa Kibemba, "Natotela, mayo," akaondoka na mkanda wa feni begani. Tumpale hakuonyesha kitambulisho. Alisema anataka plagi za Subaru ya turbo.

Muuzaji mwingine angeweka boksi mezani. Ferista aliweka maswali. Injini ya mwaka gani? Imeongezwa nguvu au iko kama ilivyotoka kiwandani? Anaendesha mjini au anapanda milima? Inakula oili? Fundi ana geji ya kupimia, vile vibati vyembamba, au ni wale wanaopima kwa kipande cha msumeno? Tumpale alijibu kwa kubahatisha, na mwishowe akauliza kwa nini asipewe tu ile yenye namba kubwa.

"Kubwa ya kampuni gani, mama?" Ferista alisema. "Kwa hawa, namba ikipanda plagi inazidi baridi. Kuna wengine hesabu yao inakwenda kinyume. Hapo ndipo watu wanaunguza injini huku wana risiti mfukoni."

Ndipo Tumpale akajitambulisha. Ferista hakushtuka sana; alivuta kigoda akakaa. Alikumbuka vizuri. Ipyana alikuja amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, Lusungu ndiye aliyezungumza. Namba saba, nne. Tumpale akauliza kama hizo namba saba hazikuwa feki, na hapo mama wa watu alikasirika waziwazi. Alimwambia kwamba anauza kitu anachokijua, na kwamba kila plagi inayotoka kwenye duka lake inatoka na alama yake. Akafungua kidroo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akaonyesha tone dogo alilolitia juu kabisa ya plagi, kule inakovalishwa koili ya umeme. Watu walimchosha, alisema. Walikuwa wananunua mpya, kesho wanamrudishia mbovu za mtu mwingine wakidai ndizo alizowauzia.

Tumpale akamwaga bahasha mezani. Ferista alizigeuza zote nne, moja baada ya nyingine. Hazikuwa na tone.

Simu ikalia. Alikuwa Mkuu, sauti yake imechangamka. Kijana mmoja wa bodaboda huko Sogea amekiri kununua plagi kwa Lusungu siku ya Ijumaa. Sasa Inspekta aache kuzunguka arudi akamilishe jalada. Tumpale alisema atapitia hukohuko Sogea. Njiani, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alifikiri kwamba huenda fundi amemchezea.

Mwenye bodaboda alimwonyesha plagi aliyouziwa. Ilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho, ya pikipiki, na bado ilikuwa kwenye pikipiki. Ukiitia kwenye injini ya Subaru itadumbukia ndani. Tumpale alimshukuru, akaandika jina lake, na akatukana kimoyomoyo kwa Kindali, lugha ya mama yake, ambayo kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Gereji ya Lusungu haikuwa mbali. Ilikuwa uwanja wa wazi wenye mabati upande mmoja, na ndani yake mafundi watano, kila mmoja na pembe yake. Aliyebaki kuangalia pembe ya Lusungu alikuwa mzee Kasiani, fundi wa springi, mwenye kofia ya sufu na nusu ya meno yake. Polisi walishapekua hapo Jumanne na kuacha vitu vimetapakaa. Mzee alivirudisha vyote mahali pake, na Tumpale aliona aibu kidogo kwa niaba ya wenzake.

Aliuliza kuhusu Alhamisi. Kasiani alikumbuka ugomvi, na alikumbuka jinsi ulivyoisha. Ipyana alikaa ndani ya gari kutafuta stesheni; ya kwanza kushika ikawa ya Zambia, ikapiga wimbo wa Kibemba, Lusungu akacheza akiwa bado ameshika spana, na Ipyana akacheka. Wakaagana wakicheka.

"Una hakika redio ilishika?"

"Nilisikia habari za saa kumi kwenye gari hilo, mwanangu. Nilikuwa nimekaa hapa."

Tumpale alisimama. Alitoa simu, akafungua picha za jalada alizopiga asubuhi, akatafuta maelezo ya Raphaeli, kaka wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda kituoni kutaka Lusungu afungwe. Kulikuwa na sentensi ambayo Mkuu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu kama ushahidi wa uzembe wa fundi. Jumapili asubuhi, Raphaeli alieleza, walikwenda pamoja ibadani, na njia nzima marehemu alilalamika kwamba Lusungu amevuruga redio: stesheni zote zimefutika na saa ya gari imerudi mwanzo.

Alisoma mara mbili. Alhamisi saa kumi redio ilikuwa na stesheni. Jumapili haikuwa nazo. Kati ya siku hizo mbili, mtu alitoa betri tena. Na hakuna anayehangaika kutoa betri ya Subaru bila sababu; anaitoa ili afike kwenye plagi.

Alimuuliza Kasiani swali la mwisho, akijilazimisha kusema polepole. Fundi akitoa plagi nzuri kwenye gari la mtu, akaweka nyingine, zile nzuri anazipeleka wapi?

"Anazirudisha," alisema mzee, akimshangaa.

"Hata akiwa mwizi?"

"Mwizi ataiba vingine. Kilichotoka kwenye gari ni cha mwenye gari. Unakitia kwenye boksi la kile ulichofunga, unampa aliyekuletea, aone kwa macho yake kwamba kweli umebadilisha. Usipompa atasema hukufanya kitu. Sisi tulifundishwa hivyo kabla ya spana."

Kwenye buti ya gari lililobondeka, mkaguzi wa magari alikuwa amekuta viboksi vya Ferista vyenye plagi zilizochakaa. Hizo ni zile alizorudisha Lusungu. Basi mahali fulani kuna viboksi vinne vya kijani vya Nakonde, na ndani yake zimo plagi za Ferista zenye tone jekundu. Viko kwa yule aliyelipeleka gari kwa fundi wa pili. Tumpale alikuwa amekwishapanda bodaboda kabla mzee hajamaliza kuuliza kama Lusungu anapewa chakula.

Saa sita na dakika arobaini alikuwa Mpemba. Matanga yalikuwa bado hayajavunjwa. Mbele ya nyumba wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya Raphaeli, mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya darasani. Alikuwa akiwaeleza watu wa Ileje waliochelewa mazishi jinsi fundi alivyomuua mdogo wake. Alipomwona Tumpale alimkaribisha kwa heshima zote na kumuuliza kama yule muuaji ameshapelekwa. Tumpale alimwambia bado kuna kidogo. Akamuuliza ile Jumamosi, kabla ya ibada, gari lilikuwa wapi.

Raphaeli alifikiri. Jumamosi Ipyana alishinda ofisini, kulikuwa na mizigo mingi mpakani. Gari alikuwa nalo shemeji yake, Brenda, mke wa Ipyana. Alikwenda Isansa kumwona mama yake, aliyekuwa anaumwa miguu. Alirudi jioni, na mihogo akaleta.

Tumpale aliomba kumpa pole mjane. Aliongozwa ndani, akavua viatu, akapita kwenye mikeka ya wanawake mpaka chumba cha nyuma. Brenda alikaa chini ameegemea kitanda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho makavu. Tumpale alikaa sakafuni naye. Wanawake wawili waliokuwa pale aliwaomba wawapishe, na mlango ukafungwa.

Njiani alikuwa amepanga maswali saba ya kumzungusha. Alipomwona aliyaacha yote, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na kwa sababu alimwonea huruma.

"Mama, naomba viboksi vya kijani," alisema.

Brenda hakuuliza vipi. Aliingiza mkono chini ya kitanda, akavuta mkoba wa safari, ule wa kwenda Isansa, akaufungua zipu. Viboksi vinne vilikuwa vimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira. Tumpale alifungua cha kwanza. Namba saba, nyeupe bado, imefanya kazi siku mbili. Juu yake kulikuwa na tone jekundu. Alifungua na vingine vitatu.

"Nani alikupa?"

"Manase, fundi wa Mlowo. Alinipa mkononi akasema hizi ni zenu, msije mkasema nimezila."

Kisha akaeleza, bila kusukumwa, kama mtu aliyekuwa akijieleza siku tatu kimoyomoyo na sasa amepata wa kumsikia. Ipyana alikuwa mtu mwema kwa yote isipokuwa akiwa nyuma ya usukani. Alikuwa anampigia simu kutoka Mbeya kwamba ndiyo anatoka, na chai haijapoa yuko mlangoni, na lori zote zile za njiani. Alimwomba. Alimpigia magoti. Alimtuma mchungaji. Tangu Alhamisi ikawa mbaya zaidi, maana gari lilirudi kutoka kwa Lusungu lina nguvu kama jipya na Ipyana akawa halali kwa furaha. Jumamosi, akipita Mlowo, Brenda alisimama kwa Manase, ambaye walisoma naye darasa moja, akamuuliza kama kuna njia ya kulipunguza gari mbio bila mwenyewe kujua.

Manase alifungua kidroo cha gari akaziona zile plagi za Nakonde. Alisema dawa hii hapa. Gari litawaka, litatembea, litakwenda kanisani. Ila mtu akilisukuma sana litakataa, na atakata tamaa, atazoea kwenda taratibu. Kazi ilichukua saa moja.

"Alisema litakataa," Brenda alisema. "Mimi nilifikiri likikataa ataendesha polepole. Sikufikiri litakataa akiwa wapi."

Tumpale alivirudisha viboksi mapajani mwa Brenda. Huko nje Raphaeli alikuwa amerudia hadithi yake tangu mwanzo. Kila neno lilipita dirishani.

"Kwa nini hukusema, mama? Yule kijana amelala sakafuni siku mbili."

"Kila asubuhi nilisema leo. Halafu wanakuja, wanasema fundi, fundi. Nikawa najiambia labda kweli ni yeye." Alivuta pumzi. "Nilitaka afike nyumbani, afande. Hilo tu. Nilitaka afike."

Tumpale alitamani sana kumshika mkono, na akamshika. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akapiga simu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Mkuu alipokea akiwa tayari kwenye gari, jalada magotini. Tumpale alimwambia asishuke. Alimweleza kwa maneno machache: redio, betri, viboksi, tone la rangi ya kucha. Mkuu aliuliza kama ana uhakika, na kama anajua itakavyoonekana ikiwa amekosea. Tumpale alisema plagi ziko mbele yake na aliyezitoa anamjua, na kwamba mtu wa kwenda Mlowo kumchukua Manase aondoke sasa hivi. Akasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na Mkuu akimwambia dereva azime injini.

Alirudi kwa Brenda. Alimwambia lazima waende wote Vwawa akaandike maelezo, na kwamba hawezi kumwahidi litaitwa kosa gani. Hilo litaamuliwa na wanaosoma sheria. Brenda aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama Lusungu atatoka leo. Tumpale alisema atatoka leo.

"Kuna mlango wa jikoni," akaongeza kwa sauti ya chini. "Tunaweza kutokea huko. Waombolezaji tutawaeleza baadaye."

Brenda alisimama, akakaza kanga kiunoni, akaweka viboksi vya kijani mikononi mwa Tumpale kimoja kimoja.

"Hapana, afande. Hapo mbele wamemlaani mtoto wa watu siku tatu, na mimi niko humu ndani nasikia. Tupite mbele."

Walipita kati ya mikeka, na wanawake wakakunja miguu kuwapisha. Chini ya turubai Raphaeli alisimama, na wanaume wote wakasimama kwa sababu yeye amesimama. Alimuuliza shemeji yake kwa upole kama ameitwa kutia sahihi dhidi ya yule fundi, na kama anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Brenda alisimama mbele yake.

"Shemeji," alisema, "Lusungu alifunga sawasawa. Mimi ndiye niliyezitoa."